Mikoko ya Pujini: Ukuta Unaolinda Shamba la Mama

Ukila wali wa mpunga wa bondeni kisiwani Pemba, unakula pia kazi ya mti ambao hauliwi. Mti huo ni mkoko. Husimama katika tope, mizizi yake juu kama miguu ya kaa, na watu wengi huupita bila kuutazama mara mbili. Lakini mahali ulipokatwa wote, mama mwenye shamba nyuma yake huujua thamani yake upesi, kwa kuwa siku moja bahari huja hadi kwenye majaruba yake.

Mama msomaji, huenda wewe unaishi Dodoma, Mwanza au Bukoba, na bahari umeiona katika picha tu. Usifunue ukurasa. Aliye karibu na mto, ziwa, chemchemi au bonde la maji ana jambo la kujifunza kutoka Pujini.

PUJINI NA KISIMA CHA WAKE WAWILI

Pujini ni kijiji katika Wilaya ya Chake Chake, upande wa mashariki wa kisiwa cha Pemba. Wageni hufika huko kuona magofu ya ngome ya mtawala aliyeitwa Muhammad bin Abdulrahman, ambaye wenyeji wanamjua zaidi kwa jina la Mkama Ndume, maana yake mkamua wanaume. Ngome hiyo ni ya karne ya 15, na karibu nayo kuna hori lenye mikoko ambalo maji yake hujaa na kutoka na bahari. Masimulizi yanasema kwamba mtawala huyo alikuwa mkatili hata akawalazimisha watu kubeba mawe ya ujenzi huku wakijikokota kwa makalio.

Jambo linalowachekesha akina mama zaidi ni kisima. Husimuliwa kwamba Mkama Ndume alikuwa na wake wawili waliooneana wivu, akakigawa kisima kwa ukuta ili wasikutane wanapoteka maji. Mmoja aliteka kwa ndoo na kamba, mwingine alishuka kwa ngazi upande wake.

Tukiacha kicheko, hapo pana fundisho. Wake wale walitenganishwa kwa ukuta, lakini maji ya chini yalikuwa yale yale. Ndivyo ilivyo hata leo. Anayekata mikoko ufukweni, anayelima kando ya kijito huko juu, na anayepanda mpunga katikati, wote wanatumia maji mamoja. Kosa la mmoja hulipwa na mwenzake.

MIKOKO INAFANYA KAZI GANI?

Ni vema tujue kwanza kazi ya miti hii, maana kitu usichojua kazi yake ni rahisi kukiharibu.

Kwanza, mizizi yake huvunja nguvu ya mawimbi na kukamata tope linaloletwa na mito na bahari. Tope hilo hujilimbikiza kidogo kidogo, na ufuko hubaki mahali pake. Haba na haba hujaza kibaba.

Pili, kati ya mizizi hiyo kamba, kaa na samaki wadogo hupata maficho na chakula. Chaza hujishika kwenye mizizi yenyewe. Akina mama wa pwani wanaotoka maji yakitoka kwenda kuokota chaza na kombe wanalijua hori kama wewe unavyolijua soko la mtaani kwako. Kitoweo cha nyumba kiko pale.

Tatu, maua ya mikoko huwapa nyuki chakula, na huko Pemba kuna wafugaji wanaotundika mizinga ndani ya mikoko.

Nne, miti hii huhifadhi kaboni nyingi sana, hasa ndani ya tope chini ya mizizi. Ikikatwa na tope likafukuliwa, kaboni hiyo hurudi hewani na kuongeza joto la dunia.

CHUMVI INAPOINGIA SHAMBANI

Katika Pemba, kazi kubwa ya mpunga wa mabondeni iko mikononi mwa wanawake. Mabonde mengi huishia baharini. Mara mbili kwa mwezi, mwezi unapoandama na unapokuwa mpevu, huja maji ya bamvua, yaani maji makubwa. Wakati huo tofauti kati ya maji kujaa na maji kutoka hupita mita 3. Mahali penye mikoko minene, maji hayo huingia polepole na kutoka. Mahali pasipo na miti, ufuko humegeka, tuta hubomoka, na maji ya chumvi huingia majarubani.

Mpunga ni miongoni mwa nafaka zinazodhurika upesi na chumvi, hasa miche ikiwa bado michanga. Majani hukauka kuanzia nchani, masuke huwa mapepe. Na hasara haiishii katika msimu huo. Maji ya bahari yakirudi baharini, chumvi hubaki udongoni, na hungoja mvua nyingi za masika kuiosha. Bamvua ikiingia tena kabla ya hapo, kazi huanza upya. Hivyo ndivyo baadhi ya mabonde ya pwani ya Pemba yalivyoachwa na wakulima wake.

Yatafakari haya jikoni. Mama aliyekuwa akivuna mchele wa nyumba yake sasa anauchukua dukani kwa kilo. Fedha iliyokuwa ya daftari za watoto inakwenda kununua chakula. Baba anaulizwa kila siku, naye hana. Maneno yanaongezeka ndani ya nyumba, na hakuna anayekumbuka kwamba ugomvi ule ulianzia kwenye mti uliokatwa ufukweni.

Ni kweli pia kwamba kina cha bahari kinapanda duniani kote kwa sababu ya joto, na mama wa Pujini hakulileta hilo. Ndiyo maana ukuta alionao hana budi kuutunza zaidi.

MBONA TUNAIKATA?

Si haki kumnyooshea kidole mama anayebeba kuni. Kuni za mkoko na mkandaa huwaka kwa moto mkali, na mkaa wake ni mzuri. Nguzo zake ni ngumu, kwa hiyo zimejenga nyumba za pwani kwa karne nyingi na hata kusafirishwa kwa majahazi hadi Uarabuni kama boriti. Wachoma chokaa huzitaka. Wenye mashamba ya chumvi nao wamefyeka miti ili kupata nafasi ya mabwawa yao.

Sheria ipo. Sheria ya misitu ya Zanzibar, Namba 10 ya mwaka 1996, inadhibiti ukataji wa miti hii, na pia inaruhusu wananchi kufanya makubaliano na Serikali ili wautunze msitu ulio karibu nao. Hilo ni jambo kubwa. Lakini sheria haipiki. Mama asipopata kuni nyingine, usiku ataingia horini na panga. Kwa hiyo anayetaka kuokoa mikoko na aanze na jiko: majiko banifu yanayotumia kuni chache, na miti ya kuni kama mivinje kupandwa karibu na nyumba.

KUPANDA SI KUCHOMEKA TU

Vikundi vingi vimepanda mikoko kwa moyo safi, na baada ya mwaka wakakuta tope tupu. Hili halikutokea kwetu tu. Katika Ufilipino fedha nyingi zilitumika kupanda mikoko, lakini wataalamu Primavera na Esteban walipopitia kazi hiyo mwaka 2008 walikuta kwamba kwa jumla ni miche 10 hadi 20 tu katika kila 100 iliyokuwa imepona. Sababu kubwa ilikuwa kupanda aina isiyofaa mahali pasipofaa, hasa mkoko kwenye tope la mbele linalofunikwa na maji muda mrefu mno.

Huko Florida, Marekani, mtaalamu Robin Lewis alionyesha njia nyingine. Aliwafundisha watu kurekebisha kwanza mapito ya maji na kimo cha ardhi. Maji yakishaingia na kutoka inavyopasa, bahari yenyewe huleta mbegu, na miti huota bila kupandwa.

Kwa kikundi cha akina mama, mafundisho hayo yanaweza kufuatwa hivi:

1. Ulizeni kwa nini miti haipo. Je, ilikatwa? Je, njia ya maji imezibwa na tuta au barabara? Je, ng'ombe na mbuzi wanakula machipukizi? Msipoondoa sababu, mtapanda kila mwaka.

2. Kila mti uende mahali pake. Mlilana hupenda mbele, kwenye maji mengi. Mkoko hukaa kando ya vijito vya hori na katikati. Mkandaa hukaa nyuma, penye ardhi kavu zaidi. Mchu huweza kuonekana mbele na nyuma pia. Tazameni msitu mzima ulio jirani, mwige mpangilio wake.

3. Chagueni mbegu iliyokomaa. Mbegu ya mkoko ni ya ajabu: huota ikiwa bado juu ya mti, ikaning'inia kama rungu refu la kijani. Chukueni iliyoachia yenyewe, isiyotobolewa na wadudu.

4. Pandeni maji yakiwa yametoka. Mbegu ya mkoko ichomekwe wima, theluthi moja ndani ya tope, nchi yenye chipukizi ikitazama juu, na kati ya mche na mche iachwe kama mita moja. Mbegu ndogo za mchu ni afadhali zikuzwe kwanza kitaluni katika mifuko.

5. Rudini kutazama. Kaa hukata miche, takataka huikandamiza. Iliyokufa ihesabiwe na nafasi yake ijazwe. Mtoto halelewi siku ya kuzaliwa tu.

BAHARI HAIFIKI PEKE YAKE

Bonde lina adui wawili. Chumvi hutoka chini, na ukavu hutoka juu. Maji matamu yanayoteremka kutoka vilimani ndiyo yanayoisukuma chumvi irudi baharini. Tukikata miti ya kandokando ya kijito na kulima hadi ukingoni, mvua hushuka kwa mkupuo, huchukua udongo, na kiangazi kijito hukauka. Udongo ule hujaza mifereji na kufukia mizizi ya mikoko yenyewe.

Hapa ndipo mama wa Dodoma, wa Mwanza na wa Bukoba anapoingia. Usilime hadi ukingoni mwa mto. Acha ukanda wa majani na miti ya asili. Ukitaka kupanda kitu kwenye chemchemi, usichague miti inayonyonya maji mengi, kama mikaratusi. Mifugo inyweshwe mahali pamoja palipotengenezwa, isikanyage ukingo wote. Bwawa lenye matete si mahali pa kutupa taka, kwa kuwa matete huchuja maji kabla hayajafika kwenye mtungi wako.

MIFANO YA KUTUTIA MOYO

Huko Pemba, jumuiya ya Community Forests Pemba, kwa kushirikiana na TAMWA Zanzibar na shirika la Community Forests International la Canada, imeendesha mradi wa ZanzAdapt, ambao umewaweka wanawake mbele katika kurudisha mikoko na kupanda miti pamoja na mazao.

Huko Gazi, katika pwani ya kusini ya Kenya, wanakijiji walianza mwaka 2013 mpango uitwao Mikoko Pamoja. Wanalinda hekta 117 za mikoko, na kaboni inayohifadhiwa humo huuzwa kwa watu wa nchi za mbali wanaotaka kufidia moshi wao. Fedha inayopatikana imesaidia maji ya bomba na shule ya kijiji. Kikundi cha wanawake wa Gazi nacho kina daraja la mbao linalopita ndani ya mikoko, ambalo wageni hulipa kulitembelea. Mwaka 2017 Mikoko Pamoja ilipata Tuzo ya Ikweta ya Umoja wa Mataifa.

ZUNGUMZENI NYUMBANI

Mara nyingi shamba analima mama, lakini mkutano wa kijiji anakwenda baba. Kwa hiyo zungumza naye kabla ya mkutano, kwa upole na kwa hesabu. Mwambie mwaka jana mlivuna mapishi mangapi na mwaka huu mangapi. Mwonyeshe ukingo ulipokuwa na ulipo sasa. Na ikiwezekana nenda mwenyewe, maana anayeona chumvi kwa macho yake ndiye anayeweza kuieleza. Wapelekeni na watoto horini siku ya kupanda. Mtoto aliyepanda mkoko atasita kuukata.

Katika kikundi chenu, jaribuni kujibu maswali haya: Maji tunayokunywa yanatoka wapi, na yanapita kwa nani kabla ya kutufikia? Ni mti gani uliokuwapo tulipokuwa wasichana na sasa haupo? Nani kati yetu anayeumia zaidi, na je, tumemwuliza?

Wazee walisema, usipoziba ufa utajenga ukuta. Kujenga ukuta wa mawe ufukweni ni kazi ya fedha nyingi, na bahari huubomoa. Ukuta wa mikoko hugharimu mbegu, miguu yenye matope, na subira ya miaka michache. Kwa akina mama wanaoishi nyuma yake, huo ndio unaoamua kama watoto watakula wali wa shambani au wa dukani.