Uzi wa Sweta na Sumu Unayoibeba

Je, wajua kwamba sweta laini la polyesta, lile tunalojifunika hapa Shirimatunda, Moshi, asubuhi za Julai, ni plastiki ya jamii moja na chupa ya maji? Tangu mifuko ya plastiki ipigwe marufuku nchini tarehe 1 Juni 2019, wengi wanaamini tumemalizana na plastiki. Bado. Nyingine tunaivaa, na kila tukiifua inanyonyoka.

Mwaga maji ya beseni ulilofulia sweta hilo juu ya kitambaa cheupe, kisha kianike. Kikikauka utaona vumbi laini lenye rangi ya sweta. Mwaka 2016 watafiti wa Chuo Kikuu cha Plymouth, Uingereza, walikadiria kuwa kufua mashineni kilo sita za nguo za akriliki, ambayo nayo ni plastiki, kunaweza kutoa nyuzi zaidi ya 700,000.

Kinachotisha zaidi ni kile uzi huo unachookota ukishaingia mtoni. Dawa za kuua wadudu kama DDT, dieldrini na jamaa zake hazichangamani na maji, hupenda mafuta. Plastiki nayo ni zao la mafuta ghafi, basi sumu iliyotawanyika majini ikikutana nayo hunata. Mwaka 2001 watafiti wa Japani walieleza kuwa punje za plastiki baharini zilikusanya sumu hadi mara milioni moja ya kiwango kilichomo kwenye maji yanayozizunguka. Jua likiichakaza plastiki, inapata nyufa, na nyufa zinaongeza pa kushikia. Kisha bakteria huivika utelezi, na samaki huimeza kama chakula.

Sumu zenyewe hatukosi. Dieldrini ilipuliziwa kwenye kuta za nyumba Upare na Taveta miaka ya 1950 kupambana na malaria. Kahawa ya Kilimanjaro imepigwa dawa kwa miongo mingi, mrututu ukiwemo, na shaba yake haiozi. Siku hizi kuna pia kemikali za florini zinazofanya makoti ya wapanda mlima yasipenyeze maji. Hizo huitwa kemikali za milele kwa sababu karibu hakuna kinachozivunja.

Ninakerwa kuona hatari hizi zikijadiliwa mojamoja. Mwaka 2024 Chuo Kikuu cha Birmingham kiliwaweka viroboto maji katika plastiki pamoja na kemikali mbili za florini. Walichelewa kukomaa, wakazaa watoto wachache, na baadhi ya madhara yalizidi hata jumla ya madhara ya kila sumu peke yake. Kipimo cha sumu mojamoja hakiwezi kuliona hilo.

Na samaki wetu hawajasalimika. Mwaka 2016 ilitangazwa kuwa sato na sangara walionunuliwa Mwanza walichunguzwa, na mmoja kati ya watano alithibitika kuwa na plastiki tumboni. Huku kwetu, maji ya Karanga na Weruweru huishia Kikuletwa, yakaingia bwawa la Nyumba ya Mungu, ambako watu wanavua.

Polyesta ina kazi nyingi: blanketi, mahema, mabegi, jezi, zulia, sare za shule. Hatutaiacha kesho. Lakini usifulie mtoni wala kwenye mfongo, mfereji wetu wa kumwagilia. Chuja maji ya beseni kwa kitambaa kizito cha pamba, na vumbi linalobaki litupe kwenye taka, usilichome. Halmashauri nazo zipime maji ya mito yetu, plastiki na sumu kwa pamoja.