Ruzuku ya mbolea: Majina yasomwe mkutanoni

Mkulima wa Ndama, wilayani Karagwe, anayetaka mbolea ya ruzuku huanzia kwa mtendaji wa kijiji. Huko huandikishwa jina, namba ya simu, mazao na ukubwa wa shamba, ikiwemo kibanja chake cha migomba na kahawa, kisha hupewa namba ya usajili. Dukani, wakala huingiza namba hiyo kwenye mfumo, mkulima hulipa bei ya ruzuku na kubeba mfuko wake. Fedha iliyobaki hulipwa na Serikali baadaye, na haipiti mkononi mwa mkulima.

Mpango huu ulizinduliwa na Rais Samia Suluhu Hassan jijini Mbeya, Nane Nane ya 2022, mbolea ikiwa imepanda bei dunia nzima. Zilitengwa Sh150 bilioni. Mfuko wa kilo 50 wa DAP au Urea, uliokuwa umevuka Sh100,000, ukashuka hadi takriban Sh70,000. Nafuu hiyo si ndogo. Lakini ni nani hasa aliyeipata?

Swali hili lina historia. Mwaka 2008 Serikali ilianza kugawa vocha za pembejeo. Kamati ya vocha ya kijiji ndiyo iliyopendekeza majina, na mkutano mkuu wa kijiji ukayapitisha. Hata hivyo, watafiti Lei Pan na Luc Christiaensen walipofuatilia ugawaji huo mkoani Kilimanjaro, walikuta asilimia 60 hivi ya vocha zimeishia kwa viongozi wa vijiji wenyewe. Hali ilikuwa mbaya zaidi vijiji vya mbali, na palipokuwa na pengo kubwa kati ya walionacho na wasionacho.

Mfumo wa namba umepunguza nguvu ya kamati, lakini umeiondoa orodha machoni pa jirani. Zamani mtu aliweza kuuliza, "Fulani ana shamba gani hata apewe vocha?" Leo majibu yamo kwenye kompyuta.

Ulaya nako wamevutana juu ya jambo hilihili. Novemba 2010 Mahakama ya Haki ya Umoja wa Ulaya ilibatilisha kanuni za kutangaza majina ya wakulima binafsi wote wanaolipwa ruzuku, ikisema zimeingilia faragha kupita kiasi. Mwaka 2013 Umoja huo ukarudisha utaratibu wa kutangaza majina, safari hii ukiwaacha wanaopata kidogo.

Tanzania ina Sheria ya Haki ya Kupata Taarifa ya 2016 na Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya 2022. Zote mbili zinaweza kuheshimiwa kwa pamoja. Namba ya simu ya mkulima haimhusu mtu mwingine. Ila kampuni au wakala anayelipwa na Hazina anafanya biashara kwa fedha za umma. Jina lake, mifuko aliyouza na kiasi alicholipwa vitangazwe wilaya kwa wilaya.

Kwa wakulima, mkutano mkuu wa kijiji unatosha, nao hutakiwa kuitishwa kila baada ya miezi mitatu. Mtendaji asome jina na idadi ya mifuko, basi. Aliyenunua miwili akisikia amesomewa ishirini, atanyoosha mkono palepale, na maelezo yatatolewa mbele ya watu wanaolijua shamba lake.