INCHI TISA ZINAZOTUZUNGUKA: NAMNA YA KUZIJUA BILA KUZISAHAU



Ukiuliza katika kelasi zetu mji mkuu wa Ufaransa, mikono yote inapanda juu. Ukiuliza mji mkuu wa Zambia, nusu ya mikono inashuka. Ukiuliza wa Burundi, watu wanaangaliana. Sasa, mimi nasema hivi: unga wa bukari tunaokula Kolwezi hautoki Paris. Mara nyingi unatoka kwa jirani. Shaba na kobalti zinazochimbwa hapa kwetu haziruki angani kufika baharini. Zinapita kwa jirani. Basi mtu asiyejua majirani zake hajui chakula chake kinatoka wapi, wala mali yake inakwenda wapi.

Tuanze na hesabu. Inchi yetu ya Kongo ni kubwa sana, kilometa za mraba karibu 2.345.000. Inapakana na inchi 9. Wengi wanajaribu kuzikariri kama wimbo, halafu siku ya mtihani wimbo unakatika katikati. Dawa ni kuzipanga kwa pande. Weka kichwani namba hizi: 2, 4, 2, 1. Kusini inchi 2, mashariki 4, kaskazini 2, mangaribi 1. Jumla 9. Ukipata 8 au 10, ujue umepoteza mtu njiani ao umeingiza mgeni.

KUSINI: ANGOLA NA ZAMBIA

Hawa wawili njo majirani wa karibu kwetu. Tangu mwaka 2015, wakati Katanga ya zamani iligawanywa kuwa majimbo 4, jimbo letu la Lualaba linawagusa wote wawili.

Angola: mji mkuu Luanda, lugha ya serikali ni Kireno, uhuru tarehe 11 Novemba 1975. Ukifuata reli kutoka Kolwezi kuelekea jua linapozama, unafika Dilolo, na ngambo ya mupaka kuna mji wa Luau. Kutoka pale reli ya Benguela inashuka mpaka bandari ya Lobito, kwenye bahari ya Atlantiki. Reli ile ilifika mupakani mwaka 1929, na mwaka 1931 iliunganishwa na reli ya Katanga. Kutoka kwetu, hiyo ndiyo njia fupi ya kufika baharini. Lakini vita vya Angola viliikata mwaka 1975, na miaka mingi ikalala majani yakiota juu yake. Ilitengenezwa upya, na mwaka 2015 ikafunguliwa tena mpaka Luau. Unaona? Vita ya jirani ilifunga mlango wetu miaka 40.

Hapa kuna jambo ambalo wengi hawalijui. Mwaka 1927, Wabelgiji na Wareno walibadilishana udongo. Wabelgiji walitaka kipande kidogo karibu na Matadi, kilometa za mraba 3 tu, juu ya reli yao ya kule. Kwa kukipata walitoa kipande cha upande wa Dilolo, kilometa za mraba karibu 3.500. Watu waliokuwa wakikaa pale walilala katika koloni moja, wakaamka katika ingine. Hakuna aliyewauliza.

Zambia: mji mkuu Lusaka, lugha ya serikali ni Kiingereza, uhuru tarehe 24 Oktoba 1964. Mupaka wetu nayo ni mrefu, na sehemu kubwa haufuati mto. Unafuata mgongo wa inchi, pale maji yanapogawanyika. Mvua ikinyesha upande wa kaskazini wa mgongo ule, maji yanaingia Lualaba, yanapita Bukama, Kindu na Kisangani, yanakuwa mto Kongo, yanaishia Atlantiki. Mvua ileile ikinyesha hatua chache upande wa kusini, maji yanaingia Zambezi, yanaishia bahari ya Hindi kule Msumbiji. Mawingu ni mamoja, bahari ni mbili. Ukishika hiyo, umeshika mupaka wa Zambia.

Kisha tazama ramani upande wa Sakania. Utaona udongo wetu umeingia ndani ya Zambia kama kidole. Mupaka ule ulipangwa katika mkataba wa mwaka 1894 kati ya Waingereza na mfalme Leopold II. Juu ya kidole kile, Mzambia anayetoka Mufulira kwenda Mansa kwa njia fupi, anapita kwanza katika Kongo, halafu anarudi kwao.

Makamio mengi yenye shaba yanapita Kasumbalesa. Mengine yanaelekea Dar es Salaam, mengine yanashuka mpaka Durban, Afrika ya Kusini. Na jirani huyu akipiga chafya, sisi tunaugua mafua. Mwaka 2024 ukame mkubwa uliharibu mashamba ya mahindi ya Zambia. Mwezi wa 8 wa mwaka uleule, kukatokea ugomvi wa biashara juu ya bia na vinywaji vya sukari, Zambia ikafunga mipaka ya Kasumbalesa, Mokambo na Sakania kwa siku chache. Makamio yakapanga mustari. Mama anayeuza unga sokoni alijua jeografia siku ile, hata kama hakuisoma.

MASHARIKI: TANZANIA, BURUNDI, RWANDA, UGANDA

Upande huu mwalimu wako ni maziwa. Panda kutoka kusini kwenda kaskazini. Ziwa Mweru bado ni letu na Zambia. Halafu unakuta Tanganyika, lenye kina cha metri karibu 1.470, ziwa la pili kwa kina duniani nyuma ya Baikal la Urusi. Inchi 4 zinaligawana: Kongo, Tanzania, Burundi na Zambia.

Tanzania (mji mkuu Dodoma, si Dar es Salaam) haigusi udongo wetu hata kidogo. Mupaka uko ndani ya maji. Mtu wa Kalemie anayekwenda Kigoma anapanda mashua. Burundi: mji mkuu ni Gitega tangu 2019, lakini Bujumbura, inayotazamana na Uvira, imebaki mji wa biashara. Rwanda: mji mkuu Kigali, na kati yetu kuna mto Rusizi na ziwa Kivu. Burundi na Rwanda zilipata uhuru siku moja, tarehe 1 Julai 1962. Uganda: mji mkuu Kampala. Kati yetu kuna ziwa Edward, milima ya Ruwenzori yenye barafu juu (metri 5.109), na ziwa Albert.

KASKAZINI NA MANGARIBI

Sudani Kusini: mji mkuu Juba. Hii njo inchi changa kuliko zote katika Afrika, uhuru tarehe 9 Julai 2011. Buku za zamani zinaandika Sudani tu. Usizifuate. Mupaka huu tena ni mgongo wa maji: upande mmoja yanakwenda Kongo, upande mwingine yanakwenda Nili. Ni somo lilelile la Zambia.

Jamhuri ya Afrika ya Kati: mji mkuu Bangui, ngambo ya mto Ubangi. Mangaribi iko Kongo-Brazzaville. Mji wake mkuu, Brazzaville, unatazamana na Kinshasa, mto Kongo katikati. Ukisimama kwenye mji mkuu mmoja unaona majumba ya mwingine.

MITEGO YA MTIHANI

Kwanza, Kenya, Malawi, Zimbabwe na Gabon si majirani wetu. Ziko karibu, lakini hatugusani. Pili, Angola inatugusa mahali pawili: kusini, na tena kule mangaribi kupitia Cabinda, kipande chake kilichotengwa. Sisi tumepita katikati kwa mlango mwembamba, pwani ya kilometa karibu 37 tu. Tatu, usichanganye Kongo mbili.

MIPAKA NA WATU

Kitu cha mwisho, na kwangu ndicho kikubwa. Mistari ya ramani ilichorwa na watu wa mbali, lakini ukoo haukukatika. Walunda wako Kongo, Angola na Zambia. Mwata Yamvo anakaa Musumba, katika jimbo letu hili, na Mwata Kazembe wa Luapula, kule Zambia, asili ya ufalme wake ni huko Musumba. Wachokwe wako pande zote tatu vilevile. Wazee wa Kolwezi wanakumbuka vita vya 1977 na 1978, wakati watu wenye silaha walitoka Angola, na mwaka 1978 wakapitia Zambia. Njia ileile inayoleta unga inaweza kuleta bunduki. Kwa hiyo kumwita mtu «mgeni» kwa sababu mama yake alizaliwa Solwezi ao Luau, ni kukosa kujua jeografia na historia, vyote viwili.

KAZI YA KUFANYA

Chukua kartasi, funga buku. Chora Kongo hata vibaya, haidhuru. Andika 2, 4, 2, 1 kwenye pande zake. Weka inchi, halafu miji mikuu, halafu maji ama mgongo unaotenga. Rudia siku tatu mfululizo. Kisha jibu:

1. Jirani gani hatugusani naye kwa udongo?
2. Mipaka gani miwili inafuata mgongo wa maji?
3. Inchi gani inatugusa mahali pawili?
4. Mchanga wa shaba unaotoka Kolwezi kwa reli ya Lobito unavuka mupaka gani?

Majibu: 1. Tanzania. 2. Zambia na Sudani Kusini. 3. Angola. 4. Mupaka wa Angola, kati ya Dilolo na Luau.

Anayepata yote manne amfundishe mdogo wake nyumbani. Anayekosa, asome tena toka juu.

Kiongozi wa wanafunzi, kelasi ya mwisho