Ekari Tano, Seng'enge Kiasi Gani?

Ukiuliza ukubwa wa shamba wilayani Handeni, utajibiwa kwa ekari. Kaya zilizohamia Msomera kutoka Ngorongoro kuanzia mwaka 2022 zilitangaziwa ekari 5 za kulima. Dalali wa Mkata naye bei yake ni ya ekari. Kipimo hicho kinafaa kwa anayekadiria mbegu au magunia ya mahindi. Siku ya kununua seng'enge ili mifugo isiingie shambani, ekari hizo hizo huwa bubu, kwa sababu uzio hufuata mzingo, na mzingo hauonekani ndani ya ekari. Ninachodai ni kwamba anayetaja ekari peke yake ametoa nusu ya habari. Akiongeza urefu wa upande mmoja tu, pande nyingine za mstatili ambazo hazikupimwa hujitokeza zenyewe kwa hesabu ya shule ya msingi.

Ushahidi uko katika kipimo ambacho wakulima wengi wa Tanzania wanakijua: ekari ni hatua 70 kwa 70. Zidisha, upate hatua za mraba 4,900, karibu sana na yadi za mraba 4,840 za ekari rasmi, mradi kila hatua iwe yadi moja. Ekari 5 basi ni hatua za mraba 24,500. Zipange zote kwa mstari mmoja kando ya barabara: shamba litakuwa hatua 70 kwa 350, na mzingo wake hatua 840. Eneo lile lile ukilipima hatua 140 kwa 175, mzingo unashuka hadi hatua 630. Tofauti ni hatua 210. Kwa uzio wa nyuzi 4, hizo ni hatua 840 za waya zaidi. Kwa nguzo moja kila hatua 3, ni nguzo 70 zaidi. Gharama imepanda na ardhi haikuongezeka hata shubiri.

Mstatili una pande nne, lakini zinazotazamana zinalingana, kwa hiyo vya kutafuta ni viwili tu: urefu na upana. Ukijua eneo na upande mmoja, gawanya: 24,500 kwa 140 ni 175. Ukijua mzingo na upande mmoja, chukua nusu ya mzingo, 315, utoe 140. Unarudi kwenye 175 ile ile. Kosa la kawaida ni kujumlisha urefu na upana kisha kuishia hapo. Anayenunua waya kwa hatua 315 atafika kona ya pili na kubaki na pande mbili wazi. Jambo linaloshangaza zaidi ni la kona iliyokatwa. Tuseme mwenye shamba la 140 kwa 175 anakitolea kijiji kona ya hatua 40 kwa 30 ili kichimbwe kisima. Shamba sasa lina pande sita, na mbili kati yake zimefupishwa: 140 kutoa 40 ni 100, na 175 kutoa 30 ni 145. Jumlisha 140, 145, 40, 30, 100 na 175. Jibu ni 630, kama zamani. Amepoteza karibu robo ekari bila kuokoa hata hatua moja ya waya. Kipande hicho kingemegwa katikati ya upande, kikiingia ndani hatua 30, mzingo ungeongezeka hatua 60.

Mtu anaweza kupinga kwamba mashamba si vitabu, na mipaka mingi hufuata kijito au mti mkubwa. Ni kweli, na kwa shamba la namna hiyo hakuna njia ya mkato: pima kila upande. Lakini mstatili nao si ndoto. Mashamba ya mkonge ya Korogwe, kama Ngombezi na Magunga, yamegawanywa kwa njia zilizonyooka, na viwanja vya mjini hupimwa vivyo hivyo. La muhimu ni kuhakikisha. Pande zinazotazamana zikilingana, vuta kamba kutoka kona hadi kona, mara mbili. Vipimo viwili vikiwa sawa, pembe ni mraba. Visipolingana, shamba limelala upande: mzingo bado ni sahihi, ila eneo ni dogo kuliko urefu mara upana, na anayelipia ekari anapunjwa. Wengine watasema hatua za watu hazilingani. Hilo linaipa hoja yangu nguvu. Hatua ya sentimita 80 hufanya 70 kwa 70 kuwa mita za mraba 3,136, wakati ekari rasmi ni kama 4,047. Upungufu unazidi moja ya tano. Ikitajwa ekari tu, hakuna wa kuugundua. Zikitajwa pande, yeyote mwenye futi kamba anaweza kuhakiki. Simu inayopima eneo kwa setilaiti nayo husaidia, lakini hukosea kwa mita kadhaa, na anayejua kutafuta upande uliokosekana ndiye atakayeshtuka jibu lake likiwa la ajabu.

Sheria ya Ardhi ya Vijiji ya mwaka 1999 imewapa wanavijiji njia ya kupata hati za hakimiliki ya kimila, na Handeni ilikuwa miongoni mwa wilaya za kwanza kufanyiwa majaribio ya urasimishaji huo. Hata hivyo watu huuziana na kugawiana ardhi kwa karatasi za kawaida mbele ya mashahidi. Katika karatasi hizo, baada ya maneno "ekari 5", iongezwe "hatua 140 kwa 175", au mita zake. Maneno hayo machache yatamwambia mnunuzi wa seng'enge idadi ya roli, na siku mpaka utakapogombaniwa, yatawaambia wazee mahali pa kusimamisha kigingi.