Fasihi Linganishi Ianzie Nyumbani

Katika toleo hili tumeona tueleze kwa kifupi fasihi linganishi ni nini na inasomwaje. Wanafunzi wengi wanapochagua mada ya utafiti hudhani kwamba kulinganisha ni kuorodhesha mambo yanayofanana katika vitabu viwili. Orodha peke yake haitoshi.

Fasihi linganishi ni taaluma inayochunguza kazi za fasihi kwa kuvuka mipaka ya lugha, nchi au utamaduni. Ilikua Ulaya katika karne ya 19. Wataalamu wa Ufaransa walitilia mkazo athari, yaani nani alimsoma nani na akachukua nini kwake. Baada ya Vita Kuu ya Pili, wenzao wa Marekani waliupanua uwanja huo: kazi mbili zaweza kulinganishwa hata kama waandishi wake hawakusomana, mradi kuna suala linaloziunganisha. Hapa Afrika Mashariki, mwaka 1968, Ngũgĩ wa Thiong'o, Taban lo Liyong na Henry Owuor-Anyumba walidai katika chuo kikuu cha Nairobi kwamba fasihi ya Afrika iwekwe katikati, na nyingine zitazamwe kutokea hapo.

Tuchukue mfano wa nyumbani. Okot p'Bitek, mzaliwa wa Gulu, alitoa utenzi wa Lawino kwa Kiingereza mwaka 1966. Toleo la Kiacholi lilichapishwa mwaka 1969, na Paul Sozigwa akatoa tafsiri ya Kiswahili, Wimbo wa Lawino, mwaka 1975. Taban lo Liyong naye alitoa tafsiri nyingine ya Kiingereza mwaka 2001. Hapo tayari kuna uwanja mzima wa ulinganishi.

Tazama boga. Kwa Waacholi, maboga huendelea kuota mahameni, na methali yao inakataza kuyang'oa: urithi wa wazee usiharibiwe. Mswahili naye ana boga lake: "Ukipenda boga, penda na ua lake." Hiyo inahusu kumpokea mtu pamoja na vyote vilivyo vyake. Tunda ni moja, mafunzo ni mawili. Msomaji wa pwani anapokutana na boga la Lawino huja na sikio jingine.

Mfano wa pili ni mzito zaidi. Okot alieleza kwamba wamisionari walichagua neno Rubanga kumtaja Mungu, ilhali kwa Waacholi hilo lilikuwa jina la pepo aliyeaminika kuwapinda watu mgongo wakawa na vibiongo. Kejeli ya Lawino kuhusu dini mpya inategemea kumbukumbu hiyo. Neno letu "Mungu" halina kumbukumbu ya namna hiyo. Hapa mlinganishi haulizi tu kama tafsiri ni sahihi. Anauliza ni kitu gani kimebaki upande wa pili wa mto, na kwa nini.

Basi, kazi ifanywe hivi:

1. Anza na swali, kisha utafute vitabu vinavyoweza kulijibu.
2. Soma matini katika lugha asilia. Usipoijua, tumia tafsiri zaidi ya moja na ukiri hivyo.
3. Eleza tofauti kwa kuangalia historia, imani na hadhira ya kila kazi.
4. Hitimisho lijibu swali uliloanza nalo.

Tunalisisitiza jambo hili kwa sababu moja. Tangu marekebisho ya Katiba ya mwaka 2005, Kiswahili ni lugha rasmi ya pili ya Uganda, lakini wanafunzi wetu bado hujiona wanyonge mbele ya wenzao wa pwani. Hebu mfikirieni mwanafunzi aliyepanga chumba hapa Bukoto: nyumbani kwao huzungumza Kiacholi, akienda sokoni hununua ensujju kwa Kiganda, na darasani husoma boga kwa Kiswahili. Huyo anaweza kusikia katika Wimbo wa Lawino jambo ambalo mzawa wa Lamu au Unguja angehitaji kuelezwa. Lugha ya mama si mzigo wa kuachwa mlangoni mwa darasa. Katika fasihi linganishi, hiyo ndiyo nyenzo ya kwanza ya kazi.

Walimu wenzetu, tuwaombe wanafunzi waingie nayo.