Manjano Yanataka Mafuta

Barua kadhaa nilizopokea juma hili zinauliza jambo moja: je, ni kweli kwamba manjano yanatibu kisukari, vidonda vya tumbo na hata saratani? Msikilizaji mmoja anaeleza kuwa mama yake ameacha vidonge vya kisukari alivyopewa hospitali, na sasa kila alfajiri hunywa bilauri ya maji ya moto yenye kijiko cha manjano. Huyo namjibu kwanza, maana jambo lake halingoji. Mpeleke mama kwa daktari wake leo hii, na manjano yarudi jikoni.

Sasa nieleze sababu. Manjano, ambayo wengine huyaita binzari, ni shina linalokua chini ya ardhi, ndugu wa tangawizi. Rangi yake hutokana na kitu kiitwacho kurkumini, na karibu sifa zote za tiba mnazozisikia ni za kurkumini hiyo. Lakini katika gramu 100 za unga wa manjano, kurkumini ni kama gramu 3 tu. Tena haiyeyuki katika maji. Mtazame yule mama: akimaliza kunywa, unga umetuama chini ya bilauri. Huyeyuka katika mafuta, na hata hapo mwili huipokea kwa shida na kuitoa upesi.

Mwaka 1998 watafiti wa India waliwapa watu gramu 2 za kurkumini, na katika damu yao haikuonekana ila kwa uchache mno. Walipoongeza miligramu 20 za piperini, ambayo ndiyo inayoipa pilipili manga ukali wake, kiasi kilichoingia katika damu kilipanda kama mara 20. Habari hiyo imetangazwa sana. Hesabu yake haitangazwi: ili upate gramu 2 za kurkumini, utakula vijiko vya chai 20 hivi vya manjano. Nani atakula mchuzi huo?

Ndipo wafanyabiashara wakaja na vidonge vya kurkumini tupu. Mwaka 2017 wanakemia wa Marekani walipitia maandishi ya utafiti, yakiwamo majaribio zaidi ya 120 kwa binadamu, wakasema ushahidi ni dhaifu. Majaribio yaliyofuata yameonyesha dalili za kusaidia katika maumivu ya magoti na kiungulia, na mimi sipingi. Lakini vidonge hivyo si chakula. Italia, mwaka 2019, serikali iliagiza viwekewe onyo baada ya watu kadhaa kuugua ini. Mwenye mawe katika nyongo, au anayetumia dawa za kuzuia damu kuganda, asivimeze bila kumwuliza daktari.

Katika chungu, manjano hayana mashaka hayo, na hapa wapishi wetu wa pwani wamekuwa sahihi siku zote. Kaanga vitunguu mpaka vilainike, punguza moto, tia nusu kijiko cha chai cha manjano kwa mchuzi wa watu watano, ukoroge kwa muda mfupi tu ndani ya mafuta, kisha ndipo utie nyanya. Yakiungua huwa machungu na hayatengenezeki tena. Tui la nazi nalo ni mafuta, kwa hiyo mchuzi wa samaki wa nazi ni mahali pake hasa. Ongeza pilipili manga iliyosagwa, kidogo tu. Wale wanaomimina unga mkavu juu ya mchuzi uliokwisha kuiva hupata rangi na ladha ya vumbi.

Liko jambo linalonitia wasiwasi kuliko vidonge, nalo ni uzuri wa rangi. Huko Bangladesh iligunduliwa kwamba wafanyabiashara walikuwa wakiyapaka manjano rangi ya viwandani yenye madini ya risasi ili yang'are. Risasi hudhuru ubongo wa mtoto, na madhara hayo hayarudi nyuma. Mwaka 2019, sampuli 47 katika kila 100 sokoni zilikuwa na risasi. Serikali ilipima, ikatoza faini, ikatangaza magazetini, na kufikia mwaka 2021 haikupatikana hata moja. Angalieni kwamba rangi ile ilipakwa kwenye manjano makavu kabla hayajasagwa, kwa hiyo kununua yasiyosagwa peke yake si kinga.

Mimi nashauri mnunue manjano mabichi, yenye udongo wake. Hulimwa Unguja, Pemba na Morogoro. Yaoshe, yachemshe kama dakika 45 mpaka yalainike, yakate vipande vyembamba, uyaanike mpaka yavunjike kwa mlio, kisha yatwange katika kinu na kuyachekecha. Unga wake hautakuwa na njano kali kama ya dukani, wala usitafute iwe hivyo. Uweke katika kopo lenye mfuniko, mbali na mwanga, kwa kuwa mwanga huiua kurkumini. Na kanga ikiingia doa la manjano, sabuni ikaligeuza jekundu, msishtuke: isuuzeni, muianike juani, na baada ya siku chache doa litafifia.