Fahamu: Tauni ya Lushoto na vipimo vya vitu vidogo mno

Kuanzia mwaka 1980, vijiji vya wilaya ya Lushoto, katika milima ya Usambara, vilikumbwa na milipuko ya tauni iliyorudi tena na tena kwa zaidi ya miaka 20. Panya wanaobeba ugonjwa huu huonekana kwa macho. Kiroboto anayeeneza ugonjwa ana urefu wa milimita 2 hivi. Ukimtafuta kwenye blanketi utamwona. Bakteria wenyewe, Yersinia pestis, waliotambuliwa na Alexandre Yersin huko Hong Kong mwaka 1894, hawaonekani bila hadubini. Hao hupimwa kwa mikromita: gawa milimita moja katika sehemu 1,000 zilizo sawa, kila sehemu ni mikromita moja. Bakteria wa tauni ana urefu wa mikromita 1 hadi 3. Virusi vingi ni vidogo zaidi, hupimwa kwa nanomita, yaani mikromita iliyogawanywa tena mara 1,000.

Kwa kuwa bakteria wa tauni hawaonekani kwa macho, mtu wa nyumbani aangalie dalili: homa kali ya ghafla na mtoki unaouma, kinenani au kwapani. Mpelekeni mgonjwa kituo cha afya siku hiyo hiyo. Tauni hutibika kwa antibiotiki, na dawa haipaswi kusubiri majibu ya maabara.